Sura ya Nne: Kifuu Chenye Duara la Kijani

Bi Mwanapili alikataa kiti. Alikaa kwenye sakafu ya saruji, akakunja miguu, akamtazama Inspekta Mabruki kama anavyomtazama mgonjwa ambaye bado hajasema panapouma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Kidogo."

"Inaonekana."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano, katikati ya msimu wa karafuu wa mwaka 1959. Saa tisa unusu gari la polisi lingempeleka bibi huyu bandarini Wesha, na meli ya jioni ingemchukua mpaka Unguja kujibu shtaka la kumuua Masika, mchumaji karafuu wa Madungu. Amri ilikuwa imeshatiwa saini. Kitu kimoja tu kingeweza kuizuia: maelezo mapya ya shahidi, yaliyoandikwa na kutiwa saini kabla ya gari kuondoka. Akishavuka, kesi ingekuwa ya watu wengine, na Mabruki alikuwa ameshaona kesi za namna hiyo zinavyokwenda.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Wiki tatu zilizopita tawi lilivunjika na Masika akaanguka, mguu wake ukachanika kutoka goti mpaka kifundo. Kidonda kikaoza. Bi Mwanapili, mganga wa majani kutoka Kiuyu, akawa anakitibu kwa maji ya muarobaini. Ijumaa iliyopita Othman, msaidizi katika maabara ya Chake Chake, akampa Masika chupa ya dawa aliyoitoa kwenye majani hayohayo. Jumapili asubuhi Masika akaanza kutapika, na Jumatatu alfajiri akafa. Adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Daktari aliyemuona saa ya mwisho aliandika mstari mmoja: sumu ya mmea, yamkini mnanaha.

Juu ya meza palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa tawi la mnanaha lililokatwa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanapili, na maua yake marefu meupe yaliyoanza kunyauka. Cha pili kilikuwa chupa ya Othman, imebaki nusu. Juu yake palibandikwa karatasi: YA KUOSHEA TU. ISINYWEWE.

"Tawi hili limetoka kwako," alisema Mabruki.

"Kwangu pameota mengi. Mbuzi wangu wanaujua mti huo kuliko daktari wenu. Hawaugusi."

"Mtu aliyekula mnanaha huwaje?"

"Koo hukauka hata mate hana. Husema na watu wasiokuwepo, akaokota vitu hewani. Na huwa hapohapo, jua halijageuka. Kwani umekula?"

Konstebo Duni, aliyesimama mlangoni, alikohoa ili asicheke.

Mabruki alifungua daftari kwenye maelezo ya Mize, binti wa marehemu. Baba yake alitapika, akashika tumbo, akahema mbiombio kama mtu aliyetoka kukimbia. Mate yalimtoka mdomoni. Mpaka mwisho alimtambua kila mtu, na saa moja kabla ya kufa aliuliza kama karafuu zimeanuliwa. Lakini tangu Jumapili adhuhuri alisema anaona ukungu, mweupe, kama wa alfajiri shambani.

Mnanaha pia huharibu macho. Ndiyo maana daktari aliuandika. Ila mnanaha humkausha mtu na kumtia wazimu, na Masika hakukauka wala hakupotewa na akili.

"Dawa yako inatumiwaje, bibi?"

"Majani yanachemshwa mpaka maji yawe na rangi ya chai. Yanapoa. Mgonjwa anasema bismillahi, anakunywa mafunda matatu kwa kifuu cha nazi, kisha anaoshwa kidonda."

"Kidonda kiko mguuni. Anakunywa kwa nini?"

"Kidonda kiko mguuni, uchafu uko damuni. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake."

"Kila mara?"

"Sijapata kumwosha mtu ambaye hajanywa."

"Kweli, afande," alisema Duni. "Hata mie alininywesha. Upele, mwaka wa hamsini na mbili. Uchungu wake, mpaka leo nikipita Kiuyu nafumba mdomo."

"Upele uliondoka?" aliuliza Bi Mwanapili bila kugeuka.

"Uliondoka, bibi."

"Basi fumba."

Mabruki aliinua chupa, akaishika mbele ya dirisha. Kilichokuwemo kilikuwa kijani, kijani kizito cha jani bichi.

"Na hii?"

Bi Mwanapili aliitazama kwa muda. "Hiyo si yangu. Moto wangu hautoi rangi ya kasuku."

Mabruki aliandika neno moja kwenye daftari, rangi, akalipigia mstari.

*

Maabara ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye paa la bati, nje kidogo ya mji. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima damu za watu wenye homa. Kazi ya majani ilikuwa ya Othman peke yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na aliieleza kazi yake vizuri.

"Majani yanakaushwa kivulini. Jua linaua nguvu. Yanatwangwa, yanalowekwa kwenye spiriti siku mbili, yanachujwa kwa kitambaa. Spiriti inatoa kwenye jani vitu ambavyo maji hayavitoi. Ndiyo maana ni kijani."

"Kisha?"

"Kisha naiweka juu ya maji ya moto, spiriti inaruka, inabaki dawa yenyewe." Alifunua kisahani cha kioo. Ndani yake usaha wa kidonda ulikuwa umeoteshwa juu ya utando kama uji ulioganda. Katikati palikuwa na kipande cha karatasi kilichochovywa dawa, na kukizunguka palikuwa na duara safi, pana kama sarafu. "Hapo hakijaota kitu. Vidudu vyote vimekufa. Desemba mkubwa wa idara anakuja kuyaona haya, Inspekta. Muarobaini wa Pemba."

"Chupa ya Masika, spiriti yake iliruka yote?"

Othman alifunika kisahani. "Sehemu. Mzee alikuwa na haraka, alikuja hapa mwenyewe anachechemea. Lakini ni spiriti safi, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano. Na nilibandika karatasi. Ya kuosha tu."

"Spiriti safi iko wapi?"

Othman alionyesha chupa kubwa kabatini. Chini yake palibaki kidole kimoja. Pembeni palikuwa na chupa nyingine, nyeusi, tupu kabisa. Mabruki aliisoma karatasi yake. Ilikuwa spiriti ya mti, inayotumiwa kukazia damu kwenye vioo vya malaria kabla ya kutiwa rangi.

"Hii imekwisha lini?"

"Sikumbuki. Inatumika kila siku."

Mabruki aliomba kitabu cha vipimo. Alikisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, huku Othman akipanga upya visahani vilivyokwisha kupangwa. Mpaka tarehe kumi na mbili, vioo ishirini au thelathini kwa siku. Kuanzia tarehe kumi na tatu, hakuna. Siku tisa, kurasa nyeupe.

"Msimu wa karafuu," alisema Othman. "Watu wote wako mashambani. Nani atakuja kupimwa?"

Lilikuwa jibu zuri. Mabruki alirudi nyuma mpaka Oktoba ya mwaka uliopita, msimu kama huu, akaweka kidole. Vioo thelathini na mbili. Thelathini na saba. Arobaini.

"Wachumaji wanalala nje na mbu," alisema. "Msimu ndio wanaokuja. Mwaka huu wamekuja pia, nimewapita watatu barazani. Huwapimi kwa sababu spiriti ya vioo imekwisha. Ilikwenda wapi, chupa nzima?"

"Nimesema sikumbuki."

"Basi tuiulize chupa ya Masika."

Kabla ya kuingia polisi Mabruki alisoma sayansi miaka miwili Makerere. Hakuwahi kulitaja jambo hilo kazini, ila kuna vitu mikono ilikuwa haijavisahau. Alimimina kidogo ya ile dawa ya kijani kwenye kichupa, akakiziba kwa kizibo chenye mrija wa kioo, akakiweka ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mafuta ya taa. Ncha ya pili ya mrija aliiingiza kwenye kichupa kitupu kilichokaa ndani ya maji baridi. Duni alishika saa. Saa nne na robo. Saa nne unusu. Matone yalianza kudondoka upande wa pili, meupe kama maji. Rangi ya jani yote ilibaki nyuma.

"Hapo ndipo spiriti ilipo, peke yake," alisema Mabruki. "Duni, waya."

Duni alitoa mfukoni kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa. Mabruki alikishika kwa koleo, akakitia motoni mpaka kikawa chekundu, akakitoa kikageuka cheusi, akakichovya kwanza kwenye matone aliyoyachota kutoka ile chupa ya spiriti safi. Waya ulichemka, ukang'aa tena. Alimpa Duni anuse.

"Tamu," alisema Duni. "Kama tunda lililoiva likapita."

Mabruki aliutia waya motoni mara ya pili, akauchovya kwenye matone yaliyotoka kwenye dawa ya Masika. Duni aliinama, akarudi nyuma haraka, machozi yakimlenga.

"Kali hiyo. Inachoma puani. Kama..." Alitazama rafu ya juu, ambapo nyoka watatu walikuwa wamejikunja ndani ya chupa ya dawa ya kuhifadhia mizoga. "Kama maji ya hao."

"Spiriti safi haitoi harufu hiyo. Spiriti ya mti ndiyo inayoitoa," alisema Mabruki. "Mafunda machache yanatosha. Siku ya kwanza mtu haoni kitu. Siku ya pili tumbo, pumzi, na macho yanaingia ukungu. Ulijua hayo, Othman?"

Othman alikaa kwenye kigoda.

"Yakhe, mbona jasho?" alisema Duni. "Jiko liko huku."

"Spiriti safi ilikuwa inakwisha," alisema Othman polepole, "na meli iliyobeba nyingine ikachelewa. Majani yalikuwa yameshatwangwa. Nikajaribu na hiyo. Duara likawa pana zaidi. Pana mara mbili, Inspekta. Nikataka kuona kwenye kidonda cha mtu. Kuoshea tu. Niliandika isinywewe."

"Uliandika. Chupa ngapi umetoa nje?"

"Moja. Wallahi, moja tu."

"Na daktari aliposema mnanaha ukanyamaza."

"Alishasema yeye." Othman aliinua uso. "Na mimi bado sijui kama mzee alikunywa. Wala wewe hujui. Mize amesema alioshwa tu. Mtu haoshwi mguu akafa."

Hapo alisema kweli. Mwili ulikuwa kaburini, na maelezo ya Othman yalithibitisha kilichokuwemo kwenye chupa, si kilichoingia tumboni. Bila mtu aliyeona, shtaka lingebaki palepale: marehemu alikunywa dawa moja tu, ya mganga.

Mabruki aliandika maelezo ya Othman neno kwa neno, akamsomea, akamtaka atie saini, akamkabidhi kwa askari wa doria. Walipotoka ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

*

Nyumba ya Masika ilikuwa Madungu, mwendo wa robo saa kutoka kituoni. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga. Wanaume wachache walikaa barazani, majamvi ya karafuu yalikuwa yameanikwa uwanjani, na harufu yake ilijaa mpaka ndani. Mize alitoka uani amejifunika kanga nyeusi. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, na mikono yake ilikuwa imechubuka vidoleni.

"Nishasema yote, Inspekta. Ijumaa nilisema na Jumatatu nilisema."

"Jumatatu na jana," alisema Mabruki. "Ijumaa hakuna aliyekuuliza. Naomba maji, dada."

Mize alikwenda mtungini. Ukutani palikuwa na vifuu vitano vya nazi, vimepangwa. Alichukua cha kwanza. Mabruki alikunywa, akashukuru, kisha akavitazama vingine kimoja kimoja. Viwili vilikuwa vikavu na visafi. Kimoja kilikuwa na duara la kahawia ndani, chini kidogo ya ukingo. Cha mwisho kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga mpaka ganda limechubuka, na bado, kwenye kimo hichohicho, palikuwa na duara la kijani.

"Hiki kilikuwa na nini?"

"Majani ya Bi Mwanapili."

"Majani ya Bi Mwanapili yako kwenye hiki." Alionyesha duara la kahawia. "Yamechemshwa. Duni, maji."

Duni alilowesha kona ya kitambaa, akasugua duara la kijani. Kitambaa kilibaki cheupe. Kisha akadondosha spiriti kutoka kichupa walichokuja nacho, akasugua tena. Kitambaa kikawa kijani.

Mize alikitazama kitambaa, akavificha vidole vyake ndani ya kanga.

"Saa nane na nusu," alisema Duni kwa sauti ya chini.

"Sikulazimishi," alisema Mabruki. "Nitakueleza mambo yalivyo. Saa tisa unusu Bi Mwanapili anapelekwa Wesha, kwa sababu karatasi zinasema baba yako alikunywa dawa yake tu. Ukisema alikunywa na hii ya kijani, hatakwenda. Lakini nitaandika nani alimpa, na jina litakuwa lako. Sitaweza kulificha."

Kuku alipita uani. Barazani mtu alisoma kwa sauti, wengine wakaitikia amin.

"Othman alikuja kutoa pole," alisema Mize. "Akaniuliza, je, alikunywa? Nikaona uso wake. Nikasema hapana. Akasema, basi sema hivyohivyo kwa kila atakayekuuliza."

"Na ilikuwaje?"

"Jumamosi. Asubuhi na jioni. Nilimsomea bismillahi, nikampa mafunda matatu, kisha nikamwosha. Alisema inachoma kooni. Nikamwambia, dawa ya maabara ina nguvu, baba, meza." Alikitazama kifuu. "Ni majani yaleyale. Bi Mwanapili hakupata kutuosha bila kutunywesha. Mimi ningejuaje?"

"Karatasi ya chupa hukuiona?"

"Niliiona. Nilidhani ni jina la dawa. Inasemaje?"

Duni alitazama pembeni.

"Inasema: ya kuoshea tu. Isinywewe," alisema Mabruki.

Mize aliinamisha kichwa. Mabruki aliandika, ukurasa na nusu, kisha akamsomea kwa sauti bila kuruka neno, pamoja na lile la *meza*. Alimuuliza kama kuna la kurekebisha. Alisema hakuna. Duni alifungua kibati cha wino, akakisogeza, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba.

Mize alikisukuma kibati.

"Nipe kalamu."

Aliishika vizuri, akaanza upande wa kulia, akaandika kwa herufi za Kiarabu: Mize binti Masika. Mwandiko ulikuwa umenyooka, kila nukta mahali pake, mwandiko wa mtu aliyehitimu chuo cha Kurani na pengine anayefundisha wengine. Mabruki aliusoma. Kisha akageuza ile chupa ya dawa aliyokuja nayo, akaitazama karatasi yake, herufi kubwa za Kizungu, za skuli, nzuri, za Othman.

Chini ya saini aliongeza sentensi mbili. *Shahidi anajua kusoma na kuandika. Onyo la chupa liliandikwa kwa herufi ambazo hakufundishwa.*

"Duni. Panda baiskeli."

*

Mabruki alipofika kituoni kwa miguu, gari lilikuwa linanguruma lango likiwa wazi, na sajenti wa msafara alikuwa anaisoma karatasi aliyoileta Duni kwa mara ya pili. Mbele yake Duni alishikilia baiskeli, shati limemganda mgongoni. Bi Mwanapili alikuwa ameshapakiwa nyuma, kibuyu chake cha maji mapajani.

"Imetiwa saini," alisema sajenti. "Sina la kusema. Shuka, bibi."

Alishuka taratibu, akishikilia bega la Duni. Alisimama, akakung'uta vumbi.

"Kumbe alikunywa ile ya kijani."

"Ndiyo, bibi. Mafunda matatu, mara mbili."

Mabruki aliona midomo ya bibi ikihesabu kitu, tatu na tatu, kisha ikaacha.

"Nani kasema?"

"Mize."

"Mlimbana?"

"Ameandika jina lake mwenyewe."

"Na sasa nani yuko naye?"

Mabruki alifikiri. Kuna watu waliokuwa barazani, lakini hilo silo aliloulizwa. "Hakuna," alisema.

Gari la abiria la kwenda Kiuyu lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, utingo akipiga kelele za nafasi ya mwisho. Duni alinyoosha mkono kulizuia kwa ajili yake. Bi Mwanapili aliushusha mkono huo, akajitanda vizuri, akageuka, akashika njia ya Madungu.